Mashindano ya Safari na Wenyeji wa Njia

Neno "safari" lilikuwa letu kabla halijawa la ulimwengu. Asili yake ni Kiarabu. Lakini limekaa kinywani mwa Mswahili karne nyingi kwa maana ya mwendo wowote wa mtu kutoka mahali hata mahali, uwe wa jahazi au wa miguu, wa harusi au wa matanga. Wazungu walipoingia bara walilisikia kwa wapagazi, wakalichukua, na katika kulichukua wakalipunguza. Kwao safari ikawa kwenda porini na bunduki, na siku zilizofuata kwenda porini na kamera. Mwaka wa 1953 neno hilo lilipewa kazi nyingine tena. Likawa jina la mashindano ya motokaa, na kwa jina hilo mashindano hayo yakajulikana Japani, Uswidi, Italia na Finlandi, kwa watu wasiojua neno jingine hata moja la lugha yetu.

Mashindano hayo yamekwisha kuandikwa sana, na aghalabu huandikwa kama orodha ya washindi na aina za motokaa zao. Orodha hiyo ina faida yake nami nitaitumia. Lakini katika insha hii nataka kuuliza swali moja ambalo orodha hailijibu. Husemwa kwa fahari kwamba kwa miaka karibu ishirini ya mwanzo hakuna mgeni aliyeweza kushinda Safari, kwa sababu njia zetu hazikumkubali ila mwenyeji. Basi huyo mwenyeji alikuwa nani?

Habari za mwanzo zajulikana. Eric Cecil, aliyekuwa na sauti katika mambo ya mashindano ndani ya Chama cha Kifalme cha Wenye Motokaa cha Afrika ya Mashariki, alitaka binamu yake Neil Vincent ashiriki katika mbio za kuzunguka kiwanjani. Vincent akakataa. Akasema haoni jambo la kuchosha kuliko kupita njia moja mara baada ya mara. Ila yakifanywa mashindano ya kukata nchi, atakuwamo. Wazo likapata wakati wake, kwani mwaka ule Malkia Elizabeth wa Pili alikuwa akitawazwa tarehe 2 Juni, na makoloni yote yalikuwa yakitafuta namna ya kusherehekea. Ndipo ikafanywa Safari ya Kutawazwa ya Afrika ya Mashariki, toka tarehe 27 Mei hata tarehe 1 Juni 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Kanuni zake za kwanza zinastahili kukumbukwa. Motokaa zilitakiwa ziwe kama zinavyouzwa dukani, bila ya kuongezwa nguvu. Na madaraja hayakupangwa kwa ukubwa wa injini kama desturi ya Ulaya, bali kwa bei. Wala hapakutangazwa mshindi mmoja wa wote mwaka ule. Kanuni hizo zatuambia wazi nini kilichokuwa moyoni mwa waandalizi: haya yalikuwa mashindano ya watu wanaonunua motokaa, yakiwajibu swali la mnunuzi, ni motokaa gani itakayostahimili njia zetu kwa fedha nilizo nazo? Ile Volkswagen ndogo yenye umbo la kobe ilipata sifa yake huku kwetu kwa njia hiyo. Mwaka wa 1954 Vic Preston aliishindia, akiwa na mwelekezi wake D. P. Marwaha, mwaka uliofuata wawili hao wakashinda tena kwa Ford Zephyr. Msomaji alitazame jina hilo la Marwaha, ambalo ni jina la Kipunjabi. Katika Nairobi ya 1954 Mzungu na Mhindi walikuwa na mitaa yao mbalimbali na shule zao mbalimbali. Lakini ndani ya motokaa moja walikaa bega kwa bega siku na usiku, mmoja akishika usukani na mwingine ramani.

Na Mwafrika? Yatupasa kukumbuka tarehe. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya mwezi wa Oktoba 1952. Tarehe 8 Aprili 1953, kule Kapenguria, Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka 7 na kazi ngumu. Haikutimia miezi miwili tangu hukumu hiyo, motokaa za Safari ya Kutawazwa zikaondoka. Katika nchi ambayo maelfu ya watu walikuwa hawawezi kwenda kutoka kijiji hata kijiji bila ya kuulizwa na askari, watu wachache waliandaliwa sherehe ya kupita nchi tatu kwa mwendo wa kasi. Sisemi haya ili kuwalaumu madereva. Wengi wao walikuwa watu wa gereji na wa maduka, waliopenda motokaa kama wengine wapendavyo farasi. Nasema tu kwamba njia ile ile ilikuwa wazi kwa mmoja na imefungwa kwa mwingine, na mwanahistoria asiyeona jambo hilo ameacha nusu ya habari.

Sasa tutazame jinsi mashindano yenyewe yalivyokuwa, maana hapo ndipo utamu wake ulipo. Safari haikufunga barabara. Mashindano mengi ya Ulaya yana vipande maalum ambavyo polisi huvizuia, dereva akapita peke yake. Huku dereva alipewa kituo cha ukaguzi na dakika za kukifikia, naye akapambana na kila kitu kilichokuwa njiani siku ile: basi lililojaa abiria na kuku juu ya paa, lori la mkaa, ng'ombe wa Mmasai, punda, twiga, gari lililoharibika katikati ya daraja. Kila dakika aliyochelewa ilihesabiwa kuwa alama ya adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Mwendo wote ulipita maili 3,000 katika miaka ya 1960, siku kadha mchana na usiku, na usingizi wa kuibia.

Tena mashindano yaliwekwa wakati wa Pasaka, na wakati huo ndio mwanzo wa masika. Asiyeishi bara huenda asijue maana yake. Ule udongo mweusi wa mbugani, wakati wa kiangazi hupasuka ukawa mgumu kama matofali; ukinyeshewa saa moja huwa kama ute wa bamia. Magurudumu huzunguka mahali pamoja, motokaa ikakaa kwa tumbo. Kule Mbulu, na Usambara, na milima ya Taita, njia zilipanda kwa kona zilizokuwa na jabali upande huu na shimo upande huu, na utelezi katikati. Vijito vilivyokuwa vikavu asubuhi vilikuwa mito jioni. Dereva alitakiwa kusimama, kutelemka, kuingia majini kwa miguu na kupima kina, ilhali dakika zinakwenda.

Ni hapo, katika tope, ndipo Mwafrika anapoingia katika historia ya Safari, na hakuingia kama mtazamaji. Watu wa vijijini walijua siku ambayo motokaa zingepita. Walijua pia, kuliko mwandalizi yeyote aliyekuwa na ramani Nairobi, ni wapi zitakaponasa. Walikusanyika mahali hapo na majembe, kamba na matawi ya miti. Motokaa ikizama, watu ishirini waliinyanyua, pengine kwa malipo waliyopatana hapo hapo huku dereva akitazama saa yake, pengine kwa furaha tu. Wako waliosema kwamba mashimo mengine yalimwagiwa maji usiku ili biashara ya asubuhi iwe nzuri. Sina haja ya kukana wala kukubali. Lakini kama ni kweli, watu wale walifahamu uchumi wa mashindano vizuri kuliko wengi wetu.

Miaka miwili yasimuliwa kuliko yote. Mwaka wa 1963 motokaa 84 ziliondoka, zikamaliza 7. Mwaka wa 1968 ziliondoka 93, zikamaliza 7 tena. Na la ajabu ni kwamba mshindi wa miaka yote miwili alikuwa mtu mmoja, Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, kwa motokaa ya namna moja, Peugeot 404. Mtu atakayesema kwamba ushindi wa namna hiyo ni bahati ya mvua atakuwa na kazi ya kueleza kwa nini bahati ilimfuata mtu yule yule baada ya miaka mitano. Nowicki hakuwa mwepesi kuliko wengine wote. Alijua wapi apunguze mwendo. Peugeot 404 nayo ilikuwa imekwisha kuwa teksi na gari la shamba katika nchi zetu. Springi zake na tabia zake zilijulikana na kila fundi wa kando ya njia.

Wageni walikuja mapema, na walikuja na fedha. Viwanda vya Ulaya vilileta madereva wao wa ada, waliokwisha kupata sifa Monte Carlo na kwingineko. Wengine walifanya vizuri. Bibi Anne Hall na Bibi Lucille Cardwell walimaliza wa tatu mwaka wa 1961, na Bibi Pat Moss vile vile mwaka wa 1962. Nataja haya kwa makusudi, maana siku hizo palikuwa na watu waliodhani kwamba mwanamke hawezi hata kubadili gurudumu. Erik Carlsson, yule Mswidi mnene, aliponasa matopeni na Saab yake mwaka wa 1964 aliibiringisha ubavu kwa ubavu, yeye na mwelekezi wake, mpaka ikatoka kwenye nchi kavu, kisha akapanda akaenda zake. Waandishi wa magazeti walipokataa kusadiki akaibiringisha tena mbele ya macho yao. Alimaliza wa pili. Wa pili, wa tatu. Lakini wa kwanza, hata mmoja.

Wa kwanza walikuwa watu wa huku. Cecil mwenyewe mwaka wa 1956, Gus Hofmann 1957, Bill Fritschy mara mbili mfululizo kwa Mercedes, John Manussis 1961, Tommy Fjastad 1962, Peter Hughes 1964. Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda 1966 na 1967, kwa Peugeot 404 tena. Robin Hillyar akafuata 1969, na Edgar Herrmann 1970 na 1971, alipoanza kuonekana Mjapani na Datsun zake.

Ukisoma majina hayo kwa sauti utasikia jibu la nusu la swali langu. Mwenyeji, katika lugha ya magazeti ya siku hizo, alikuwa mlowezi au mfanyabiashara aliyekaa muda wa kutosha akajua njia. Sikatai kwamba aliijua. Mtu aliyeendesha lori la shamba lake miaka kumi kati ya Nakuru na Eldoret ameipata elimu yake kwa haki. Lakini njia hiyo ilichimbwa na nani? Ni nani aliyejua kwamba kijito fulani hufurika saa sita baada ya mvua kunyesha mlimani, wala si mara moja? Ujuzi wa mwenyeji aliyeshika usukani ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ujuzi wa mwenyeji aliyesimama kando, uliopatikana kwa kuuliza, "Huko mbele kunapitika?" Safari ilishindwa kwa Kiswahili mara nyingi kuliko ilivyoandikwa. Dereva wa kutoka ng'ambo alikuwa na injini nzuri, lakini hakuwa na swali hilo, na lau angalikuwa nalo asingalifahamu jibu.

Jibu la nusu ya pili linaanza na Joginder Singh. Alizaliwa Kericho mwaka wa 1932, katika jamaa ya Masingasinga, akakua katika spana na grisi. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544 kuukuu, ambayo kiwanda chenyewe kilikwisha kuitumia katika mashindano kikaiuza. Wakashinda kwa zaidi ya saa moja na nusu. Ushindi huo ulikuwa na maana mbili. Kwanza, ulikuwa wa fundi, si wa tajiri: aliijua motokaa kwa vidole vyake, na chombo alichokipata kwa bei ya kuukuu kilimpita mwenye kipya. Pili, ulikuja miezi kadha baada ya Kenya kuwa jamhuri, wakati Wahindi wengi walipokuwa wakijiuliza kama watakuwa raia au wapita njia. Watu wa barabarani walimjibu kwa namna yao. Walimwita Simba. Alishiriki Safari 22 na kumaliza 19, akashinda tena mwaka wa 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Mtu wa namna hiyo ukimwita mgeni, sijui utamwita nani mwenyeji.

Uhuru ulikuwa umebadili na mambo mengine. Kwa miaka mingi aliyepunga bendera ya kuanzisha mashindano Nairobi alikuwa Mzee Jomo Kenyatta, mfungwa yule yule wa 1953. Wako watu wanaosema kwamba hapo Waafrika waliurithi mchezo wa wakoloni bila ya kuutafakari. Sikubaliani nao. Kitu hakibaki cha aliyekianza. Hugeuka kwa jinsi watu wanavyokitumia. Kabla ya Kenyatta kushika bendera ile, watoto wa kila kijiji cha njiani walikwisha kujitengenezea motokaa za waya na kuzipa namba ubavuni. Serikali ilifuata tu mahali ambapo watu walikuwa wamefika.

Jambo ambalo serikali haikuweza kulihifadhi ni zile nchi tatu. Jina la "Kutawazwa" liliondolewa mwaka wa 1960, yakawa mashindano ya Afrika ya Mashariki. Na kwa muda mfupi mashindano hayo yalikuwa mojawapo ya mambo machache yaliyotuunganisha kwa furaha. Yalianzia Kampala mwaka wa 1970, na Dar es Salaam mwaka wa 1972. Lakini Januari 1971 Idi Amin aliichukua Uganda kwa nguvu, na Agosti 1972 akatangaza kuwafukuza Waasia. Miongoni mwa waliohamia Kenya mwaka ule alikuwa kijana mzaliwa wa Uganda, Shekhar Mehta. Pasaka iliyofuata, ya 1973, Mehta alilingana kwa alama na Mswidi Harry Källström, wote katika Datsun, na kwa kanuni ya kutenganisha waliolingana ushindi ukawa wake. Mwaka huo ndio wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa mashindano haya, na Safari ilikuwamo. Basi ushindi wa kwanza wa Safari katika ubingwa wa dunia uliletwa Kenya na mtu ambaye nchi yake ya kuzaliwa ilikuwa imemtupa miezi kadha tu nyuma. Mwaka wa 1974 maneno "Afrika ya Mashariki" yakatoka katika jina, yakabaki mashindano ya Safari tu, ya Kenya peke yake. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, usifunguliwe mpaka 1983. Wanafunzi wangu hutafuta dalili za kuvunjika kwa Jumuiya katika hotuba za mawaziri. Ramani za Safari zingewaonyesha jambo hilo mapema zaidi.

Mwaka huo wa 1974 ndio unaotajwa pia kwa Bibi Orie Rogo Manduli, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushiriki. Ndiye pia aliyewaonyesha watu wa kando ya njia kwamba mlango wa motokaa ya Safari unafunguka kwa nje.

Kwa upande wa wageni, mwisho wa ukinzani ulikuwa umefika mwaka wa 1972, Hannu Mikkola wa Finlandi na Gunnar Palm waliposhinda kwa Ford Escort. Palm ndiye aliyekuwa na Carlsson katika ile Saab ya kubiringishwa, alikuwa amejifunza. Viwanda navyo vilijifunza. Vilikuja miezi kabla, vikapita njia yote mara nyingi na kuandika kila kona na kila jiwe; kile ambacho zamani kiliulizwa kwa mtu sasa kiliandikwa katika daftari. Vilileta mafundi na ndege ya kupeleka sauti kwa redio. Baadaye helikopta iliruka mbele ya motokaa kuonya kama kuna ng'ombe au basi. Motokaa zenyewe zilipata sura ya peke yake, vyuma vizito mbele kukinga wanyama na bomba la hewa lililoinuliwa hadi juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni.

Hata hivyo Safari haikuuzwa kwa fedha moja kwa moja. Porsche walikuja mara nyingi, Waldegård akiwa wa pili mwaka wa 1974 na Vic Preston mdogo wa pili mwaka wa 1978, wala hawakushinda kamwe. Lancia, mabingwa wa dunia, walihangaika toka miaka ya 1970 hadi Massimo Biasion alipowashindia mwaka wa 1988. Mehta naye, akiwa sasa dereva wa Datsun yenyewe, alishinda mara nne mfululizo toka 1979 hata 1982, akatimiza mara tano, hakuna aliyemfikia. Lakini ni kusema kweli kwamba tangu hapo mwenyeji alishinda kwa nadra, naye kwa chombo cha kiwanda. Toyota walitawala, kwa Waldegård na Kankkunen. Mwaka wa 1994 Ian Duncan wa Kenya aliwashindia Toyota. Na mwaka huo huo Patrick Njiru, Mwafrika mweusi wa Kenya katika Subaru, akamaliza wa nne. Naona historia ya Njiru imeandikwa kidogo mno. Mwaka mmoja kabla ya hapo alimaliza mashindano yale katika Subaru Vivio, kigari ambacho mtu angeogopa kwenda nacho sokoni wakati wa masika, ilhali wenye motokaa kubwa zaidi walikwama njiani.

Kuondoka kwa Safari katika ubingwa wa dunia, baada ya mashindano ya 2002 aliyoyashinda Colin McRae, huelezwa kwa upungufu wa fedha na wa maandalizi, na hayo ni kweli. Lakini sababu ya ndani ilikuwa njia yenyewe. Ubingwa wa dunia ulikuwa umekwisha kuwa wa vipande vifupi vilivyofungwa, vya kupimwa kwa sehemu za sekunde na kuonyeshwa katika televisheni. Mashindano ya njia wazi, yenye mabasi na ng'ombe, yalikuwa yamebaki peke yake duniani, na hatari yake kwa mwenda kwa miguu haikuweza kutetewa tena. Mimi mwenyewe siwezi kuitetea. Nasikitikia kupotea kwa njia ile, lakini sitaki mtoto wa mtu agongwe kwa ajili ya masikitiko yangu.

Yaliyofuata nayapita upesi. Safari iliendelea katika ubingwa wa Afrika. Toka mwaka wa 2003 yakaanzishwa mashindano ya motokaa za zamani, yaliyovuka tena mpaka na kuingia Tanzania, na wazee waliyapenda. Marejeo ya Safari katika ubingwa wa dunia yalipangwa kwa mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ukayazuia. Yakatimia Juni 2021, kituo chake kikiwa Naivasha. Sébastien Ogier wa Ufaransa alishinda mwaka huo na 2023, Kalle Rovanperä wa Finlandi 2022 na 2024, Elfyn Evans wa Wales 2025, wote kwa Toyota. Vipande vya ushindani vya 2021 vilikuwa kilomita kama 320 kwa jumla. Linganisha na zile maili 3,000.

Nchi bado ina meno yake. Katika ile vumbi laini ya Bonde la Ufa, nyepesi kama unga wa muhogo, Rovanperä alinasa mwaka wa 2021 mbele ya dunia nzima, kama walivyonasa wengine katika tope la 1963. Na Kenya ina madereva vijana. Mmoja wao, McRae Kimathi, alipewa jina hilo na baba yake, aliyekuwa dereva wa mashindano pia, kwa kumhusudu Colin McRae. Mwaka wa 2022 alikwenda kushindana Ulaya katika daraja la vijana la ubingwa wa dunia. Jina la Mskoti limekuwa jina la Mkenya, kama neno la Mswahili lilivyokuwa neno la dunia.

Lakini tazama sasa mashindano yanapita wapi. Baadhi ya vipande vyake vimo katika mashamba makubwa ya mifugo na hifadhi za watu binafsi. Soysambu, mathalan, ni ardhi ya jamaa ya Delamere, walowezi mashuhuri kuliko wote katika historia ya Kenya. Mwaka wa 1953 walowezi waliyaleta mashindano katika njia ya watu wote. Leo taifa huru linayapeleka mashindano yake nyuma ya ua. Iko sababu nzuri ya usalama, nimekwisha kuikubali. Ila yule aliyekuwa akitoka na jembe na kamba hadi penye kijito chake, leo hupanda matatu kwenda Naivasha na kusimama nyuma ya utepe. Mashindano yalikuwa yakimjia. Sasa yeye huyaendea.

Kazi iliyobaki ni ya ninyi wanafunzi, nayo haingoji. Majina ya walioshika usukani yamehifadhiwa yote, na ya waelekezi wao, na namba za motokaa zao. Ya walioinyanyua motokaa ile hayamo katika kitabu chochote nilichokiona. Mtu aliyekuwa na miaka 15 mwaka wa 1953 sasa amepita 85. Wako Taita, wako Mbulu, wako Usambara na kule Marakwet kwenye teremko la Kerio. Waulizeni ni kijito gani, mwaka gani, motokaa ya rangi gani, walilipwa shilingi ngapi, na dereva aliwaambia nini, kwa Kiswahili cha namna gani.